Mama wa Mwari

Jumatatu, 10 Mfunguo Mosi 1303. Mlingotini.
Nimetwanga, nimepika, nimempa Bi Mwanaisha apeleke kumbini, kambini kwa wari wa jando. Yeye mkongwe, anaruhusiwa kufika mpakani. Mimi mama mtu, marufuku. Eti nikikanyaga njia ile kidonda cha Athumani hakiponi. Mwanangu wa pekee, katahiriwa juzi. Baba yake yuko Unyanyembe na msafara. Nimekula peke yangu, sikushiba.

Jumatano, 12.
Bi Mwanaisha kaninong'oneza: Athumani hajakojoa tangu jana. Wari wananyimwa maji ili kidonda kikauke, na kitambaa kimekazwa mno. Mkojo unamchoma, anauzuia. Ngariba kasema mtoto anadeka. Anadeka! Nimetukana hadi kuku wakakimbia.

Nikatuma neno: mlegezeeni kitambaa, mnywesheni, mkalisheni kwenye maji ya vuguvugu. Shemeji Juma, ndiye kungwi wake, kajibu mambo ya jando hayamhusu mwanamke.

Alhamisi, 13, asubuhi.
Bado. Tumbo la chini limevimba, gumu, hataki kuguswa. Naogopa. Majirani wananiambia nisubiri, Mungu yupo. Najua yupo. Na miguu kanipa yeye.

Jioni.
Nimekwenda. Mtungi wa maji moto kichwani, mpaka wa kumbi nimeuvuka. Wanaume wakanijia juu: "Toka! Utamuua mwanao!" Nikawaambia, "Mnamuua nyinyi." Nikaketi chini, sitoki.

Mwisho shemeji kaupokea mtungi bila kunitazama. Wakamlegezea kitambaa, wakamkalisha katika karai. Mimi nyuma ya makuti. Akalia, akanyamaza, kisha nikausikia mkojo. Haukuisha upesi. Nimelia kama mjinga.

Jumamosi, 15.
Chakula changu kimerudishwa. Sasa wari wote wanapewa maji, lakini Athumani wanamcheka, mama yake kaingia kumbini. Kisimani wamenipisha. Hakuna aliyeniamkia. Basi, na wasiniamkie. Lakini imeniuma.

Jumatatu, 9 Mfunguo Pili.
Wari wametoka leo. Kanzu mpya, udi, vigelegele. Sikuitwa kuimba na kina mama. Athumani kapita mlangoni kwangu, mzima, kanenepa kidogo. Hakugeuka. Atakaa kwa shemeji, ua wetu ni mmoja, umetengwa kwa makuti tu.

Alasiri nilikuwa nachambua mchele. Nikamsikia upande wa pili, anakojoa, huku akiimba chini chini wimbo wao wa kumbini. Nikatulia mpaka akamaliza. Kisha nikaendelea na mchele.