Kufuli la Ghala la Mbegu

Mjukuu wangu Rehema,

Marahaba, mama. Hapa Magomeni sote tu wazima, na babu yako ameanza tena kwenda msikitini kwa miguu. Umeniuliza ununue kufuli gani la banda lako la uani.

Enzi za Ujamaa, nikiwa nimeolewa karibuni, kijiji chetu kilinunua kufuli zito la ghala la mbegu. Asubuhi moja tulikuta mlango wazi na mahindi yote ya mbegu hayapo. Kufuli lilikuwa bado limefungwa. Mwizi aling'oa komeo kwenye ubao uliooza. Mvua zilikuwa zimekaribia, nikalia.

Mama mkwe wangu akaniambia, "Futa machozi, twende tukaombe."

Tulipita nyumba kwa nyumba. Kila mmoja alishusha mahindi machache ya mbegu aliyoyatundika juu ya moshi wa jiko, akatupatia bila kunung'unika. Mwaka ule tulipanda, na tukavuna.

Basi chagua kufuli lenye chuma kinene, lakini kwanza kagua ubao na komeo. Ukishafunga, kabishe hodi kwa jirani yako, umsalimie.

Bibi yako,
Mwanahawa