Betri Nne

Baba Kibonge,

Sisi tupo, ila paa linavuja palepale. Nilipokuandikia kwamba siku hizi redio imenyamaza, uliuliza kwa nini. Haijaharibika, mume wangu. Betri zake nne zilikuwa kwenye sweta la mwanao.

Usiirarue barua, soma mpaka mwisho. Wewe ndiye uliyempa jina la Kibonge, alipozaliwa na kilo nne. Tangu aanze uji amekonda, na kliniki wenzangu wakawa wananicheka: "Kibonge gani huyu, mkono kama kalamu?" Basi miezi miwili nimempimisha akiwa na betri kifuani. Mstari kwenye kadi ukapanda, nikakuandikia, ukafurahi.

Leo nesi mgeni akasema, "Mama, mvue nguo zote." Nikamvua, betri nikazitumbukiza mkobani. Nesi akasoma mizani mara mbili. "Nusu kilo imepotea ndani ya mwezi mmoja?"

Wametulaza. Daktari anasema kuna ugonjwa mkali umejificha, ameagiza sindano za siku kumi. Nikisema, watanionaje? Nikinyamaza, watamchoma mwanangu wakitafuta ugonjwa wa redio. Na kwamba amekonda kweli, kwa miezi miwili yote, hakuna anayejua ila mimi.

Nasikia kitoroli cha sindano koridoni. Nimezishika betri mkononi, zimepata joto. Mlango ukifunguka nampa nesi, kabla hajanisalimia.

Usinichukie.

Mama Kibonge