Jina Lililomnyamazisha Mtoto

Jumatatu, 3 Machi
Dawa, maji mengi, chai. Nyonga inauma, ile ya kulia. Magongo mpaka saluni, hapa tu Mwihoko. Nasuka nikiwa nimeketi. Mteja akauliza kama sickle cell yangu, huu ugonjwa wa damu, inaambukizwa. Nikamwambia ndiyo, kupitia rasta. Alichelewa kucheka.

Mtoto wa dada yangu Eunice analia tu. Kliniki wamesema ako sawa. Kukhu, nyanya yetu, amekuja kutoka Bungoma. Anasema mtoto anatafuta jina.

Jumatano, 5 Machi
Jioni Kukhu alimpakata, akaanza kuita majina ya marehemu wetu. Kwetu hufanywa hivyo: jina likimtuliza mtoto, ndilo lake. Wasike. Kilio. Nelima. Kilio. Halafu, "Nanjala." Mtoto akapiga chafya, akalala.

Nanjala ni mimi.

Kukhu alikuwa anamwita binti yake, shangazi niliyerithi jina lake. Damu yake ilikuwa na ugonjwa huu wangu. Hakufika miaka ishirini na mbili. Mimi nafikisha Mei. Hakuna aliyeniangalia. Mama aliepua ugali haujaiva.

Ijumaa, 7 Machi
Eunice amesema mtoto ni Joy, basi. Mama ananyata nyumbani kama tuko na matanga. Amenikataza kazi. Nimeenda. Nina hasira. Wananilia nikiwa nimesimama hapa.

Pia naogopa. Labda jina limeshachukuliwa kwangu, nimfuate shangazi.

Jumatatu, 10 Machi
Hospitali, Thika. Mgongo, miguu, kifua. Sindano. Nilisikia mtu akiniita, sauti ya mwanamke. Hakukuwa na mtu. Kukhu alitufunza tusiitike sauti tusiyoijua. Niliuma shuka.

Jumamosi, 15 Machi
Nimerudi. Nimekonda, mkono umejaa alama za sindano. Joy bado analia. Eunice hajalala, macho mekundu. Nikamchukua mtoto. Nikasema, "Nanjala, nyamaza." Akanyamaza. Eunice ndiye akaanza kulia.

"Utakufa," akasema.

"Pengine. Lakini hili jina si kiti cha mtu mmoja. Tutaenea wawili."

Jumapili, 16 Machi
Mvua. Wengine wameenda kanisa, Kukhu pia. Nimebaki na mtoto na Mama. Nyonga bado, lakini kesho saluni.

Mama akaita kutoka jikoni, "Nanjala." Mtoto alikuwa amelala kwa mapaja yangu.

Nikaitika mimi.