Kijiti cha Waridi la Mama

Sirisia, Jumapili

Dada Emmy,

Huku hatujambo. Mahindi yamebeba vizuri, na mwanangu Levi amepona malaria.

Lile waridi la mama limekufa. Nimeliua mimi, nilipopulizia magugu dawa siku ya upepo. Mama alitoka nalo huko Kitale, alipokuwa akimfulia mzungu nguo, na hapa hakuna lingine linalonukia majani ya chai. Nililia wiki nzima.

Jana mume wangu akarudi kutoka Kitale, ati limejaa maua mlangoni pako. Nilimkumbatia mbele ya watoto!

Siku ya mazishi ya mama nilikuona ukificha kijiti cha waridi lake kwenye kibeti. Ndiyo maana miaka sita sijakupigia hata simu.

Nikatie kimoja, ukilete mwenyewe. Mara hii usikifiche.

Mdogo wako,
Sellah