Mguu Utangulie

Jumatatu, 5 Mei 2014

Leo nimeletewa Mzee Cassamo. Wamembeba kwenye kitanda cha kamba kutoka kijijini kwao mpaka hapa kituoni Palma. Ndiye mchimba makaburi wa kule. Sukari imemla mguu wa kushoto — vidole vyeusi, na weusi unapanda. Dawa zangu hazifui dafu. Akikatwa chini ya goti, kule hospitali ya Mocímboa, ana maisha mbele yake, tena mazuri. Ukiachwa hivi, wiki haiishi.

Saide, mwanawe, akanivuta pembeni. Anawaendesha wapima ardhi wa kampuni ya gesi, ana gari, atampeleka baba yake mwenyewe. Ila nisimwambie. Amekwisha kumdanganya kwamba anakwenda kupigwa sindano ya nguvu. Alazwe, akatwe, akiamka yamekwisha.

Kwetu ndivyo. Habari mbaya hupewa jamaa, mgonjwa huambiwa utapona. Hata nyanya yangu tulimfanyia hivyo.

Nikasema tutaona. Tutaona! Jibu la mwoga.

Jumanne, 6 Mei

Nimemwambia. Mkewe, Mama Latifa, alikuwa anamlisha uji. Nilisema polepole, bila kuficha neno: mguu ukatwe, ama utamwua.

Akautazama mguu wake kama mgeni aliyekaa siku nyingi bila kuaga.

"Ahsante, mwanangu. Lakini sikatwi. Mimi nazika watu wazima wazima. Hicho kipande mtakitupa wapi — jaani?"

Miaka yote ile chuo cha udaktari, hilo hawakunifundisha!

Saide kanifokea uani, mbele ya watu. Ungenyamaza, dotora, baba angepona. Huenda ni kweli. Linaniuma sana.

Jumatano, 7 Mei

Weusi umevuka kifundo. Homa imeanza.

Saide karudi, safari hii kwa upole. Mwambie tu mguu utazikwa kwao, akubali, mengine baadaye. Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Nimelimeza. Nikimwahidi nisichokijua, basi nami nimempiga ile sindano ya nguvu.

Nikampigia Rodrigo, mpasuaji wa Mocímboa. Mtu wa Beira, hucheka kila kitu. Leo hakucheka. Hospitalini kwao viungo vilivyokatwa huchomwa, kasema, lakini familia ikiomba atawapa. Waje na boksi na barafu. Basi! Jambo dogo hivyo! Nusura niibusu simu.

Nikakimbilia wodini. Mzee kasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Uzikwe wapi?"

Kwenu.

"Kwetu wapi?"

Kijiji chao kimepigwa vigingi. Wanasema ni mahali pa gesi, watu watahama, na makaburi pia. Wenye vigingi waliletwa na gari la Saide. Kijana kainamisha kichwa. Mzee anaogopa mguu ubaki huku, yeye akazikwe kule watakakohamishiwa. Nikamwambia sijui watahama lini, wala kama makaburi yatahamishwa kwa heshima. Ninachokijua ni mguu, na mguu hausubiri.

Akaomba aachiwe mpaka asubuhi. Nimemwachia. Ni mguu wake.

Alhamisi, 8 Mei

Amekubali!

Chai haijachemka, ametuita sote kitandani. "Huko tunakopelekwa hatuna maiti hata mmoja. Pasipo na kaburi lako si kwenu. Basi mguu utangulie. Mimi nitaufuata taratibu, na mkongojo."

Mama Latifa kasema mume wake hakuwahi kuwahi popote, leo mguu wake wawahi! Tumecheka, mimi na machozi juu.

Kisha akaniuliza kama atapona. Nikasema natumai sana, uhakika sina. Akanipiga-piga mkono, kana kwamba mgonjwa ni mimi.

Ijumaa, 9 Mei. Mocímboa

Mzee ameingia chumba cha upasuaji. Homa imeshuka kidogo, na Rodrigo anausifu moyo wake. Nina matumaini, jamani. Nimeandika na sifuti.

Mlangoni alimshika Saide shati. "Uchimbe kina. Usiniaibishe kwa kijishimo." Akamwomba radhi mkewe, akaniomba na mimi. Mimi ndiye niliyetakiwa kumwomba!

Saide amekaa kwenye benchi, boksi la barafu mapajani. Ni lile la samaki, kalisugua mpaka linang'aa. Hataki kuliweka chini. Nilikuwa nimesimama mbali, kwa kumwogopa. Akaniuliza:

"Dotora, mguu husaliwa?"

"Sijui, Saide."

Juzi angenifokea. Leo kanitazama kidogo, akasogea, akanipa nafasi. "Basi tutamwuliza shehe," kasema.

Ndipo nilipokaa kuandika haya. Mlango unafunguka. Ni Rodrigo, barakoa bado usoni — sioni kama anacheka —