Manyunyu ya Juzi

Naliendele, Mtwara

Mwanangu Muhidini,

Salaam nyingi kutoka nyumbani. Mikorosho imeanza kutoa maua, na mdogo wako Shadya amejifungua mtoto wa kike.

Huko ugenini unapima mvua kwa satelaiti, na ikionyesha mvua huku kwetu, unatupigia simu kuhakikisha. Tangu baba yako augue, kila asubuhi ananiuliza, "Mama Muhidini, mvua imenyesha?"

Juzi yalipita manyunyu. Akaniomba nimtoe nje, nimkalishe barazani, akakaa na simu mapajani mpaka magharibi.

Nikamwambia, "Labda satelaiti haikuyaona, yalikuwa madogo mno."

Akajibu, "Basi tuombe mvua kubwa."

Daktari hadhani kama atafika masika. Mwanangu, piga hata kukiwa na jua.

Mama yako,
Mwanaamina