Sentimita Kumi na Nane

Kilolo, Iringa
Jumapili, 27 Julai 2025

Mpendwa binamu Isakwisa,

Kamwene, mwana wa shangazi. Na kama Mbeya imeshakusahaulisha salamu ya kwa mama yako, basi ya huko kwenu, ugonile. Habari za siku nyingi? Shangazi Yusta na magoti yake anaionaje baridi hii? Ombeni na watoto hawajambo? Sisi huku tupo, Mungu anatulinda. Mwaka huu baridi imekaza kwelikweli, asubuhi maji ya ndoo yanauma meno. Shemeji yako Lea anakusalimia, ingawa tangu jana ananisemesha kwa vipimo, na sababu utaiona mbele huko.

Mimi mwili mzima. Moyo ndio sijui.

Ningekupigia simu, lakini kwenye simu huwa unacheka kabla sijamaliza. Barua haina pa kunikatisha. Nampa Lugano, anapeleka viazi huko Jumanne, akukabidhi mkononi. Naomba uisome mpaka chini.

Tarehe 9 Agosti ni mtihani wa mkanda mweusi hapo kwenu. Hii ni mara yangu ya tatu, na chama kimeshaniambia ya nne haipo. Barua yao ya Mei uliiona: kikundi cha karate kisicho na mwalimu wa mkanda mweusi kinafungwa mwisho wa mwaka. Mimi na mkanda wangu wa kahawia nina wanafunzi kumi na wanne. Nilianza na wawili, kwenye kiwanja nilichokisawazisha mwenyewe kwa jembe, na hakuna mkubwa yeyote wa chama aliyekuja hata kuuliza tunakunywa maji gani. Tukifungiwa, wataambiwa waende kwa Sosthenes, Iringa mjini. Nimepita nyumba kwa nyumba kuuliza. Watakwenda watatu. Kumi na mmoja wataacha. Eveline, miaka kumi na sita, teke lake linafika sentimita 171, ni mmoja wa hao kumi na mmoja, kwa sababu baba yake amesema binti yake hafuati mateke mjini. Hapa anamruhusu kwa kuwa akisimama mlangoni anamwona.

Sasa nikwambie kinachonikondesha. Mitindo yote naijua. Kupigana napigana, nawe una jino la kushuhudia. Kilichobaki ni kile kile cha miaka yote, teke la mzunguko la kichwani. Pedi inashikwa sentimita 155. Leo asubuhi kabla ya kanisa nimepiga mara kumi, la juu kabisa limefika 137. Pungufu ni 18. Siku zilizobaki ni 13. Hesabu hiyo nimeigeuza kila upande, haikubali.

Desemba sijaisahau, Isakwisa, na leo nakwambia. Tulikalishwa kwenye sakafu ya saruji saa tatu nzima, mnaita kwa umri, wadogo kwanza. Mimi wa mwisho. Niliposimama miguu ilikuwa kama imeazimwa. Teke likaishia kifuani mwa mshika pedi. Na wewe, ndugu yangu wa damu, umekaa kwenye meza ya kuandikisha majina, ukasema watu wote wakisikia: "Mguu wa Saulo umezoea kukanyaga, haujazoea kupaa." Walicheka mpaka mshika pedi. Na mimi nilicheka. Kutoka hapo hadi Iringa sikucheka tena.

Basi nikarudi na hasira. Kufyatua tofali sikufundishwa na mtu, nilianza na fomu moja ya mbao na shimo nililochimba peke yangu. Nikasema na nyonga nitazifundisha mwenyewe. Tangu Januari naamka saa kumi na moja alfajiri, nakaa chini kwenye ubaridi, nyayo zimegusana, nimeegemea tanuru, na kila goti limebeba tofali. Kila mwezi naongeza. Niliona ni hesabu safi: mgongo unazoea mzigo, kwa nini paja lisizoee? Mei nikafika tofali nne kila goti. Asubuhi moja msuli wa ndani ya paja ukaniachia kama kitambaa kinachochanika. Siku tisa nilitembea kama bata. Wanafunzi waliniambia pole, Mwalimu, halafu wakageuka upande wa pili kucheka.

Nilipopona nikafunga kamba juu ya boriti, nikaingiza mguu, Lea akawa anavuta. Alivuta wiki mbili. Akaniambia ng'ombe wa baba yake walikuwa wanakubali kuvutwa kuliko mimi.

Daftari langu linasema hivi: Januari 138. Machi 142. Mei, kabla ya kuumia, 143. Juni 140. Sasa 137. Miezi saba ya kuamka na jogoo nimepata hasara ya sentimita moja. Leo kanisani wakati wa maombi ya kimya wenzangu waliombea wagonjwa, mimi niliombea nyonga. Niliona aibu mbele ya Mungu, lakini niliomba.

Sikiliza sasa yaliyotokea jana.

Msimu wa tofali ulipoanza Juni niliacha kukanyaga udongo. Nilimpa kazi hiyo shemeji yangu Aroni, mdogo wake Lea. Nia yangu ilikuwa kuitunza miguu kwa ajili ya mtihani, kama mtu anavyotunza mbegu. Nikawa mtu wa kusimama pembeni na kupima. Jana Aroni alikwenda msibani Igowole, na udongo ulikuwa umeshamwagiwa maji. Udongo uliolowa haumsubiri mtu. Nikakunja suruali nikaingia.

Unaijua kazi ile. Mguu unazama hadi chini ya goti, unauchomoa, unaunyanyua, unaupitisha pembeni, unaudidimiza tena. Nilikanyaga saa moja na nusu. Jasho lilinitoka na baridi ile, shati nikalitundika. Lea alikuwa anaanika nguo karibu na shimo, na joho lake la kwaya, jeupe, lilikuwa limening'inia kwenye kamba. Akanitazama jinsi ninavyotoa miguu, akasema: "Baba Sekela, humo unanyanyua mguu kama kijana. Hebu lipigie hilo joho. Usiliguse, onyesha tu."

Nilipiga nikiwa ukingoni mwa shimo, hata sikufikiri. Mguu wa kusimama ulikuwa kwenye utelezi, kisigino kikajigeuza chenyewe hadi kikaelekea mbele, na nyonga ikafunguka kama mlango uliotiwa mafuta. Halafu Lea akaacha nguo zake, akalisogelea joho. Kwenye kola ya joho la kwaya kulikuwa na wayo wangu mzima, vidole vitano.

Nilileta futi kabla ya kuomba radhi, na hapo ndipo alipokasirika hasa. Alama iko sentimita 157.

Binamu, sikuamini. Nikafungua daftari la mwaka jana. Septemba 150. Oktoba 152. Miezi ile nilikuwa nakanyaga mwenyewe kila siku. Novemba mvua ikaanza, kazi ikasimama, na Desemba nikaja kwenu nikiwa nimekaa wiki nne bila kuingia shimoni. Namba zote niliziandika kwa mkono wangu. Mimi ninayetambua tofali lililopungua nusu sentimita kwa kulitazama tu, nimepakata jibu miezi saba huku nikibebesha magoti tofali kwenye baridi.

Lakini ndiyo hivyo, furaha haikukaa. Leo asubuhi mwili baridi, 137 ile ile. Mchana, kwa kuwa Jumapili hatuingii kazini, nilikanyaga kwenye majani makavu nusu saa nikinyanyua miguu vile vile, nikageuza kisigino kwa makusudi, nikapata 146. Nilipoketi kula na kuinuka, 139. Kwa hiyo teke ninalo, ila linanikimbia nikipoa. Na nyinyi kazi yenu ni kutupoza. Nikifikiria sakafu ile ya saruji na saa tatu za kusubiri jina langu, nasikia kulia, na mimi si mtu wa kulia, unanijua.

Siombi mnipunguzie hata sentimita moja. Waambie wakubwa zako 155 ibaki 155. Nisipoifikia nitakunja mkanda wangu na kuwatangazia wanafunzi mwenyewe, mmoja mmoja, milangoni kwao. Ninachokuomba ni vitu viwili, na vyote viko kwenye uwezo wa mtu wa meza ya majina.

Kwanza, waombe watu wazima tuitwe mwanzo. Au mturuhusu kusubiri nje tukiwa tumesimama na kujinyoosha, si kukalishwa kama mizigo. Hilo si upendeleo kwangu. Hata hao wadogo watapiga vizuri zaidi.

Pili, nitafika Ijumaa. Shangazi asihangaike na kitanda, nitalala popote. Nitafutie shimo la udongo. Nyuma ya ukumbi kuna kiwanja kinachojengwa, ongea na fundi. Upana wa hatua tatu, kina cha goti, maji ndoo nane, lisiwe na mawe. Mwambie simtoi jasho bure, udongo nitakaoukanyaga utakuwa tayari kwa kufyatuliwa. Jumamosi nitaingia saa moja asubuhi, nikanyage saa nzima, ninawe, nije mezani kwako kuandikisha jina. Wakicheka, waache. Ukicheka wewe, basi cheka ukiwa umeshika ndoo.

Uliniambia mguu wangu umezoea kukanyaga. Ulisema kweli, Isakwisa, na hiyo kweli nimeilipia miezi saba. Sasa nisaidie niitumie.

Nisalimie Shangazi Yusta, mwambie nitamletea dawa ya kuchua aliyoiomba. Salamu kwa Ombeni, kwa Gwakisa na wadogo zake. Sekela anawasalimu, amepanda kidato cha pili. Aroni amerudi salama kutoka Igowole. Mungu awafunike na baridi hii, aizidishie nguvu nyumba yenu, na anipe mimi dakika kumi tu za mwili moto siku ile.

Ni mimi binamu yako, mwenye kinyongo na mapenzi kwa pamoja,

Saulo

Nyongeza: Leo Lea ameimba kwa joho la kuazima, mikono inamfika kwenye viwiko. Nilitaka kulifua lile lake nilipotoka kanisani. Amenikataza. Amelitundika mlangoni, kola yake kwenye kipimo kile kile, na amesema halifuliwi mpaka tarehe tisa.